Duka la Kituo cha Mafuta Kando ya Barabara Kuu, Nakuru: Limejengewa Nani?

Kando ya barabara kuu itokayo Nairobi, upande wa Free Area, muda mfupi kabla ya magari kuingia katikati ya jiji la Nakuru, kuna kituo cha mafuta chenye duka dogo lisilofungwa usiku wala mchana. Sitalitaja jina, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanayahusu pia maduka mengine ya aina yake yaliyo kwenye barabara hiyo, na kwa kuwa wafanyakazi wake hawakuyapanga wao yale ninayoyalalamikia. Naandika nikiwa mteja wake wa muda mrefu. Ni duka safi, bidhaa zake ni halali na bei zake ziko wazi, na mtu anayefika hapo kwa gari akiwa na noti ya shilingi elfu moja atapata sababu ya kurudi. Lakini duka lililo katikati ya makazi ya watu hupimwa pia kwa idadi ya majirani wanaoweza kulitumia, na kwa kipimo hicho duka hili linashindwa, wala halishindwi kwa bahati mbaya: lilipangwa hivyo tangu ukuta wake ulipochorwa kwenye ramani.

Nianze na mema yake, kwa sababu yapo na ni ya kweli. Ukiingia, mkono wa kulia kuna friji za vinywaji baridi, maziwa na mtindi. Mkono wa kushoto kuna rafu za mikate, biskuti, unga, sukari, mchele, sabuni, nepi na dawa ya meno. Mbele yako kuna kaunta yenye mashine ya kahawa na kabati la kioo lenye samosa, soseji na keki. Nje, kando ya mlango, kuna kizimba cha mitungi ya gesi. Kila bidhaa ina kibandiko cha bei, na bei inayosomwa kwenye kaunta ndiyo ile iliyobandikwa kwenye rafu, jambo ambalo si la kupuuzwa kwa mtu aliyewahi kubishana na mwenye duka. Sijawahi kukuta maziwa yaliyopitwa na tarehe. Risiti hutolewa bila kuombwa. Choo ni safi na kina maji na sabuni, na msafiri anayetoka Busia au Kakamega na watoto wadogo anajua thamani ya jambo hilo kuliko ninavyoweza kuieleza hapa.

Bei ziko juu kidogo kuliko za supamaketi za katikati ya jiji, na sioni dhuluma ndani yake. Anayenunua hapa analipia pia taa zinazowaka saa nane za usiku, mhudumu anayekesha, mlinzi, na nafasi ya kuegesha gari hatua chache kutoka mlangoni. Duka linaagiza bidhaa chache chache, kwa hiyo haliwezi kupata punguzo analolipata mwenye maduka mengi. Mtu asiyetaka kulipia urahisi huo anaweza kwenda mjini mchana akapanga foleni. Hadi hapo, ningelisifu duka hili na kuweka kalamu chini.

Nyuma ya ukuta wa kituo, hata hivyo, kuna njia ya vumbi inayoingia mtaani, na kwenye njia hiyo kuna kioski cha mabati kinachoendeshwa na mama mmoja ambaye wateja wake wengi wanaishi karibu kabisa na duka la kituo. Vitu anavyouza ni karibu vilevile: mkate, maziwa, sukari, unga, mafuta ya kupikia, majani ya chai, sabuni. Kinachotofautiana ni kipimo. Mama huyu huukata mkate wa gramu 400 katikati na kuuza nusu. Huuza sukari robo kilo, unga nusu kilo, na mafuta ya kupima kwa kikombe kidogo anachokichovya kwenye ndoo. Huuza kipande cha sabuni alichokikata kwa uzi kutoka kwenye mche mzima. Katika duka la kituo, kipimo cha chini kabisa cha sukari ni kilo moja, unga ni pakiti ya kilo mbili, mafuta ni chupa ya lita moja, na mkate hauguswi kwa kisu.

Siku niliyolinganisha bei, kilo moja ya sukari ilikuwa shilingi 170 kwenye duka la kituo, na robo kilo ilikuwa shilingi 50 kwenye kioski. Anayenunua robo nne kwa siku nne tofauti atakuwa amelipa shilingi 200 kwa sukari ileile. Mkate, kwa upande mwingine, haukuwa na tofauti hiyo, kwani nusu yake iliuzwa kwa nusu kamili ya bei ya mkate mzima, na mama aliniambia kuwa kwenye mkate hatafuti faida, anatafuta mteja atakayechukua na maziwa. Kwa jumla, lakini, mwenye kipato kidogo hulipa zaidi kwa kila gramu anayokula. Duka lenye bei ya juu, ambalo sote tunaliita la wenye nacho, ndilo lenye sukari ya bei nafuu ukiipima kwa kilo, na kioski tunachokiita cha wanyonge ndicho chenye sukari ghali. Maskini hafaidi bei ya duka la kituo kwa sababu hafiki kwenye kilo.

Watu wanaoishi kwa mshahara wa mwezi huwa wepesi kusema kwamba jirani zao hawajui kupanga matumizi, na kwamba mtu angeweka akiba siku chache akanunua kilo nzima. Nimelisikia hilo likisemwa na watu ninaowaheshimu, na nalikataa. Kijana wa mjengo hulipwa jioni, mama fua hulipwa baada ya kuanika nguo za mwisho, na mwendesha boda boda huhesabu alichobakiza baada ya kumpa mwenye pikipiki chake. Pesa hiyo inapofika nyumbani tayari inadaiwa na kodi, nauli ya kesho na daftari la mtoto. Kununua sukari ya robo kwa fedha ya robo ni hesabu sahihi ya mtu ambaye hana uhakika kama kesho atapata kazi, na hakuna somo la uwekaji akiba litakalombadilishia muda wa kulipwa.

Kuna pia suala la deni. Kwenye kioski kuna daftari lenye majina ya majirani, na mteja anayejulikana anaweza kuchukua unga leo akalipa Jumamosi bila kuongezewa hata senti. Duka la kituo halikopeshi mtu, na sitegemei likopeshe, kwa kuwa mhudumu wa zamu ya usiku hana mamlaka hayo wala hajui nani anaishi wapi. Wote wawili wanapokea M-Pesa. Tofauti ni kwamba anayepungukiwa akiwa kwenye kaunta ya kituo hutumia Fuliza, huduma ya mkopo wa papo hapo ndani ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2019, na huko hukatwa ada mpaka siku atakayolipa. Deni la mama halina ada, ila lina masharti yake ya heshima: mdaiwa hupita kwa njia nyingine akichelewa kulipa, na mama akiugua, wadaiwa wake ndio hao wanaomtembelea. Sisemi hayo ili kuupamba umaskini. Nimewaona wateja wakishindwa kulipa na mama akifunga kioski kwa wiki nzima kwa kukosa mtaji wa kununua bidhaa.

Jambo lililonifanya niandike tathmini hii, hata hivyo, liko uani kwa kituo chenyewe, na linashangaza kwa jinsi lilivyo wazi. Pampu hazina ubaguzi wa kipimo. Mwendesha boda boda huingia akasema anataka petroli ya shilingi mia, na anawekewa ya mia. Mama mwenye kidumu cha mafuta ya taa huenda kwenye pampu iliyo pembeni kabisa, karibu na mahali pa kujazia upepo, akanunua ya shilingi hamsini, na mhudumu humpimia bila kukunja uso. Bei kwa kila lita ni ileile kwake na kwa mwenye gari kubwa anayejaza tangi, na zaidi ya hayo ina kikomo cha kisheria, maana Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi bei za juu kabisa za kila mji. Mafuta ya taa yamepanda sana tangu mwaka 2018, serikali ilipoyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia uchanganyaji na dizeli, na aliyeumizwa na ushuru huo ni huyo mama mwenye kidumu. Lakini angalau pampu inamhesabu kama mnunuzi. Hatua ishirini kutoka hapo, kwenye duka la kituo hichohicho, shilingi hamsini haimpatii chakula chochote cha kupika.

Kwa hiyo si kweli kwamba kampuni ya mafuta haiwezi kuhudumia fedha ndogo. Inazihudumia mchana kutwa, na nikitazama wingi wa pikipiki zinazosimama hapo asubuhi, naamini fedha ndogo hizo ni sehemu kubwa ya mauzo ya petroli. Kinachofanyika ni kwamba uani anapokelewa kila mtu, na ndani ya kioo anapokelewa aliyechaguliwa. Mwenye boda boda anaaminiwa na pampu na kusahauliwa na rafu, ingawa ni mtu yuleyule, kwenye uwanja uleule, akiwa na noti ileile mkononi.

Katika jiji hili jambo hilo lina uzito wa pekee. Nakuru ndiko kulikofundisha sehemu kubwa ya Kenya kununua bidhaa kwa mkono wake yenyewe. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilianzia hapa mwaka 1987 ikiwa duka la magodoro. Naivas ilianzia Rongai, katika kaunti yetu hii, mwaka 1990. Quickmart ilifungua milango yake hapa mwaka 2006. Mtindo wenyewe wa mteja kuchukua kitu kwenye rafu ulianza mbali sana, katika duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, mwaka 1916, na kabla ya hapo kila mnunuzi alisimama mbele ya kaunta akamwomba muuzaji. Wazee waliolelewa Nakuru bado wanasimulia jinsi kaunta ilivyokuwa mahali pa kupimwa: mwenye duka alitazama viatu vyako kabla ya kukujibu, na akaamua akutolee kitambaa kipi. Supamaketi iliondoa kaunta hiyo. Mtu aliyetoka shambani aliweza kushika, kugeuza, kusoma bei, kurudisha na kuondoka bila kumweleza mtu yeyote kwa nini hakununua. Nakumatt ilikuja kuporomoka kwa madeni na wadai wake wakakubali ifungwe mwaka 2020, lakini uhuru ule wa kushika na kurudisha umebaki mikononi mwa wanunuzi, na duka la kituo limeurithi kwa umbo huku likiupunguza kwa vitendo.

Linaupunguza kwanza kwa ukuta. Kituo kina njia mbili za kuingilia, zote za magari. Mtu anayetoka kwenye njia ya vumbi kwa miguu hana lango. Huzunguka ukuta mzima hadi barabarani, akatembea ukingoni mwa lami huku malori yakimpita, kisha akaingia kwa njia ya magari. Mtoto aliyetumwa maziwa jioni hawezi kutumwa huko, na mzazi mwenye akili hamtumi. Kisha kuna mlinzi. Ni kijana mstaarabu, na kwa mwenye gari hufungua mlango akasema, "Karibu, mkubwa." Kwa anayeingia kwa miguu akiwa na ndala, nimemsikia mara kwa mara akiuliza, "Unatafuta nini?" Swali lenyewe si tusi, na pengine ameagizwa aulize. Lakini mimi sijawahi kuulizwa nikiwa nimeshuka kwenye gari, na wala sikuwa natafuta kitu cha maana kuliko huyo mwenye ndala. Aliyeulizwa hujibu kwa sauti ya chini, huchukua alichokijia haraka, na hatembei kati ya rafu kutazama bei. Wapo wengi ambao hawataulizwa tena kwa sababu hawatarudi.

Ukikaa kwenye meza mbili zilizo karibu na dirisha, utawaona wateja wakibadilika kadiri ya saa. Alfajiri huja waendao kazini kwa magari yao, kahawa mkononi, mazungumzo machache. Kuanzia saa nne hadi alasiri ni wasafiri wa masafa marefu: familia zinazokwenda Magharibi kwa mazishi au harusi, maofisa wa serikali na madereva wao, wachuuzi wakubwa. Madereva wa malori ya kuelekea mpakani Malaba huingia kununua maji na kutumia choo, lakini chakula hula kwenye vibanda vya nje, ugali na nyama kwa bei ambayo ndani ya duka ingelipia kikombe cha kahawa na samosa moja. Jioni ni zamu ya wakazi wa Section 58 na Milimani wanaorudi nyumbani na kukumbuka kwamba hakuna mkate. Wanafunzi wa vyuo huja kwa makundi, wakanunua soda moja na kuigawana, kwa sababu mahali hapa pana mwanga na pana intaneti.

Baada ya saa sita za usiku ndipo duka hubadilika kweli. Wauguzi wanaotoka zamu katika hospitali ya rufaa, walinzi wa majengo ya jirani, wahudumu wa baa, waendesha boda boda na wapakiaji wa mboga wanaowahi soko: hawa ndio wanunuzi wa usiku, na karibu wote wanaishi katika mitaa ambayo mchana haionekani ndani ya duka hili. Vioski vimefungwa, kwa hiyo wamelazimika kuja. Nao hununua: maziwa, mkate, mayai mawili wakiruhusiwa, dawa ya maumivu. Mhudumu wa usiku, ambaye ni mwelewa kuliko kanuni alizopewa, huwafungulia trei ya mayai akauza mojamoja. Hakuna aliyepoteza heshima kwa kuuza mayai hivyo, na kwa nilivyoona, trei hiyo huisha kabla ya jua kuchomoza. Ikiwa wenye duka wangetazama mauzo ya saa hizo peke yake, wangejua tayari kila kitu ninachojaribu kuwaambia.

Ndugu zetu walio Marekani hushangaa wakisikia kwamba duka la kituo cha mafuta kwetu ni mahali pa wenye uwezo. Huko, kampuni ya 7-Eleven ilianzia Dallas mwaka 1927 katika biashara ya kuuza barafu, ikaongeza maziwa, mkate na mayai, na mwaka 1946 ikachukua jina lake kutokana na saa za kufungua na kufunga. Katika mitaa mingi ya kipato cha chini isiyo na supamaketi karibu, duka la aina hiyo ndilo linalowauzia chakula wasio na gari, na wenye uwezo hupita wakaenda kwenye maduka makubwa. Japani, ambako 7-Eleven ilifungua duka la kwanza mwaka 1974, mkurugenzi na mfagiaji huingia mlango mmoja kununua wali wa mchana na kulipia bili za umeme. Umbo la duka ni moja katika nchi zote tatu: rafu, friji, kaunta, taa zisizozimwa. Wanaoingia ni watu wa tabaka tofauti kabisa. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuniambia kwamba aina hii ya duka kwa asili yake ni ya mwenye gari. Ni maamuzi ya mahali duka lilipojengwa, lango lilipoelekezwa, na pakiti iliyochaguliwa.

Nilipata ushahidi mwingine kutoka kwa wafanyakazi. Mhudumu wa kaunta ya asubuhi, anayejua bei ya kila kitu kilicho rafuni, hununua sukari yake kwa mama wa kioski kila anapotoka kazini. Wahudumu wa pampu hunywa chai na chapati kwenye kibanda kilicho nyuma ya ukuta. Nilipomuuliza mmoja wao kwa nini, alijibu bila uchungu, "Hapa ni pa wateja." Huyo ni mtu anayesimama hapo saa kumi na mbili kwa siku, mwenye sare ya kampuni, na bado hajihesabu miongoni mwa wale ambao duka limewekewa. Sikumbuki kauli nyingine iliyonihuzunisha kiasi hicho katika duka lolote.

Lazima niwe mwadilifu kuhusu vitu ambavyo duka haliwezi kuvifanya. Haliwezi kuuza sigara mojamoja, kwa kuwa sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu, ingawa vioski huuza hivyo kila siku; na katika hilo nasimama upande wa duka. Haliwezi kuweka ndoo ya mafuta wazi na kikombe cha kuchovya, maana usafi wake na usahihi wa kipimo chake ni sababu ya watu kuliamini. Haliwezi kumpa mteja mfuko wa plastiki wa bure, kwa kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na ule wa kitambaa unaouzwa kwenye kaunta ni gharama nyingine kwa aliyekuja kununua maziwa tu. Mama wa kioski hufungia vitu kwenye gazeti kuukuu. Kuna mambo, basi, ambayo kufuata sheria kwenyewe kunamgharimu mnunuzi mdogo, na si haki kumlaumu mwenye duka kwa hayo.

Lakini yanabaki mengi yasiyokatazwa na sheria yoyote. Viwanda vya Kenya tayari vinatengeneza mkate wa gramu 200, maziwa ya mililita 200, sukari ya nusu kilo, unga wa kilo moja na chupa ndogo za mafuta ya kupikia, vyote vikiwa vimefungwa kiwandani na kupimwa sawasawa. Supamaketi za mjini zinaviuza. Rafu moja ya vitu hivyo, ikiwekwa karibu na kaunta na kupewa bei isiyomwadhibu mnunuzi, ingempa jirani usafi wa duka na kipimo cha kioski kwa pamoja. Lango dogo la watembea kwa miguu kwenye ukuta wa nyuma lingegharimu mlango wa chuma na taa moja. Mlinzi angeweza kuambiwa aseme "karibu" kwa kila anayeingia, au anyamaze kwa kila anayeingia. Najua jibu nitakalopewa kuhusu lango: usalama. Kituo kina kamera na mlinzi, na wanaoingia kwa miguu usiku wa manane ni wauguzi na wauza mboga, ambao hadi sasa hawajaiba chochote ila muda wao wa kulala.

Ipo hofu moja ambayo naibeba kwa uzito zaidi kuliko hiyo ya usalama. Duka la kituo likianza kuuza pakiti ndogo kwa bei nzuri, mama wa kioski atapoteza wateja wa fedha taslimu na kubakiwa na wale wa daftari, na kioski cha namna hiyo hakidumu. Nilimweleza mama fikra hiyo, nikitarajia atanikataza kuiandika. Alisema kinachomuumiza yeye ni kununua kwa bei ya rejareja kutoka kwa wauzaji wa kati, na kwamba duka lenye lori la kuleta bidhaa kila asubuhi lingeweza kumuuzia yeye katoni kwa bei ya jumla, kama lingekuwa na mlango wa kumwingiza. Ni pendekezo lake, si langu, na naona ni la busara kuliko mapendekezo yangu yote. Vituo hivi vina mahali pa kushushia bidhaa, vina risiti halali, na viko hatua chache kutoka kwa makumi ya vioski ambavyo wamiliki wake huamka usiku kwenda soko la jumla mjini kutafuta mkate na sukari.

Kwa msafiri: simama hapa bila wasiwasi, tumia choo, nunua maji na mkate, na kahawa ya asubuhi ni bora kuliko ya jioni kwa kuwa mashine husafishwa usiku. Chakula cha moto kitafute kwenye vibanda vya upande wa mashariki, ambako wali na maharagwe hupikwa kuanzia saa tano. Kwa mkazi wa mtaa wa nyuma: sukari, unga na mafuta vya pakiti kubwa ni nafuu hapa kuliko kioski siku utakayokuwa na fedha za kilo nzima, na majirani wawili wakichanga wanaweza kugawana. Usiku wa manane mwombe mhudumu mayai mojamoja, atakupa. Kwa huduma, usafi na ukweli wa bei ninalipatia duka hili alama nne kati ya tano. Kwa jinsi linavyowapokea wanaoishi kulizunguka ninalipatia moja, na nitaibadilisha siku nitakapoukuta ukuta wa nyuma una lango.